Gesi si mwajiri pekee wa Kusini

Ukimshauri kijana wa Mtwara achukue masomo ya sayansi, atakujibu: "Gesi imekuja, ajira ziko wapi?" Uchungu huo nauelewa. Ila ndani yake mna dhana iliyowapotosha wengi, kwamba gesi ikichimbwa, kila aliyesoma sayansi ataitwa kazini.

Kazi nyingi za gesi ni za wakati wa ujenzi. Bomba la inchi 36 la kwenda Dar es Salaam lilitaka wachomeleaji, madereva, wapima ardhi na vibarua wengi. Lilipozinduliwa mwaka 2015, kazi ya ujenzi ilikuwa imekwisha. Mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba, hapa Mtwara, hauhitaji umati. Unahitaji mafundi wanaokaa zamu usiku na mchana wakifuatilia mgandamizo na joto la gesi. Kwa hiyo anayesubiri mradi wa Likong'o kule Lindi, wa kugeuza gesi kuwa kimiminika, asikae bure. Ajifunze sasa ufundi utakaomlisha hata mradi ukichelewa.

Halafu kuna hii dhana ya kwamba VETA, vyuo vya ufundi stadi, ni ya waliofeli. Inaniuma sana. Kiungo cha bomba la gesi hupigwa picha ya mionzi kama mfupa uliovunjika. Dosari ikizidi kiwango, kinakatwa na kuchomelewa upya. Mchomeleaji ambaye viungo vyake vinapita hatembezi bahasha, hutafutwa. Na lazima ajue chuma kinavyotanuka kikipata moto, fizikia ileile ya darasani.

Wengine hudhani korosho ni jembe tu. Wapite kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, waone watafiti wa mbegu, udongo na magonjwa kama ubwiriunga, ule ukungu unaokausha maua ya mkorosho. Kwenye ghala nako, kabla ya mnada, sampuli hukaushwa ikizidi unyevu, kisha hukatwa korosho moja moja. Viini vibovu hutengwa na vizima hupimwa uzito. Mnada wenyewe siku hizi unaendeshwa kwa mtandao. Hizo zote ni kazi za watu waliojifunza kupima na kuhesabu, na mabinti wanaziweza sawa na wavulana.

Msimu wa kupulizia mikorosho salfa, dawa ya ubwiriunga, ukifika, nenda Tandahimba au Newala ukamtazame fundi wa mabomba ya kupulizia. Wakulima wamemzunguka, naye ameinamia kabureta, anazibua kijitundu cha mafuta kwa waya mwembamba, anapuliza, anarudisha skrubu, anavuta kamba. Injini inanguruma, anayefuata anasogeza bomba lake.