Theluthi ya tatu si yako: kanuni ya gesi kwa mzamiaji wa mitungi pacha

Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi ya Kiislamu analijua neno theluthi. Ndiyo kikomo cha wasia: sehemu ya mali unayoweza kumwachia asiye mrithi haizidi hapo. Wazamiaji wa mapangoni nao wana theluthi yao, na kwa bahati tu inakaribiana na hiyo, kwa kuwa ni fungu la gesi yako uliloliwekea mtu mwingine.

Kanuni yenyewe ni fupi: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi haiguswi. Ilikomaa katika mapango ya chemchemi za kaskazini mwa Florida, Marekani, ambako wazamiaji walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine. Sheck Exley, mzamiaji wa huko, alizichambua ajali hizo, na katika kijitabu alichokitoa mwaka 1979 akaonyesha makosa yanayojirudia: watu waliingia bila kamba ya kuwarudisha hadi mlangoni, walishuka kina kirefu mno, na hawakubakiza theluthi mbili za hewa kwa ajili ya kutoka. Mpaka leo, ndani kidogo ya mlango wa pango la Ginnie Springs, huko huko Florida, kuna bango lenye kiunzi cha mifupa kilichovaa joho, linalomwambia asiye na mafunzo ageuze hapo hapo. Ukiishiwa gesi ndani ya pango, juu yako hakuna jua wala boti. Kuna mwamba.

Ndiyo maana mzamiaji wa pango hubeba mitungi miwili mgongoni, iliyounganishwa kwa bomba fupi, kila mmoja na regyuleta yake, yaani kifaa cha kupumulia kinachoshikwa mdomoni. Regyuleta moja ikianza kumwaga gesi, unafunga vali yake na kupumua kwa ile nyingine, huku ukiendelea kuvuta gesi ya mitungi yote miwili. Kama kinachovuja ni bomba lenyewe la kuunganisha, unafunga vali ya katikati na kuokoa walau nusu.

Vali hiyo ya katikati ndiyo ninayoiogopa kuliko kitu kingine chochote mgongoni mwangu. Geji, yaani saa inayoonyesha mgandamizo wa gesi mtungini kwa kipimo cha bar, kwa kawaida hufungwa kwenye mtungi wa kushoto, na regyuleta unayopumulia huwa ya kulia. Sasa vali ikiwa imefungwa bila wewe kujua, unamaliza mtungi wa kulia huku mshale wa geji umetulia tuli. Niliwahi kuzamia na mwenzangu ambaye dakika ya kumi mimi nilikuwa na bar 160, naye akanionyesha kwa vidole 200, macho yanacheka. Alidhani siku hiyo pumzi zake zimekuwa za samaki. Nikapeleka mkono nyuma ya kichwa chake: vali ilikuwa imekazwa mpaka mwisho. Hesabu yake yote ya theluthi ilikuwa hewa tupu, na nisingegusa pale, regyuleta ingemkatikia mdomoni bila taarifa. Siku hizi naigusa vali kabla ya kuingia majini na naigusa tena nikishafika chini. Geji isiyoshuka hainifurahishi hata kidogo.

Tuje kwenye hesabu. Chukua mitungi miwili ya lita 12 iliyojazwa bar 200. Jumla ni lita 24 mara 200, yaani lita 4,800 za gesi. Mia mbili haigawanyiki vizuri kwa tatu, kwa hiyo tunashuka hadi 180 na kupata mafungu ya bar 60. Unageuka geji ikisoma 140. Mtu mtulivu anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji atatumia lita 60 akiwa mita 20 chini, kwa sababu mgandamizo wa pale ni mara tatu ya ule wa juu. Fungu la bar 60 ni lita 1,440, sawa na dakika 24 za kwenda.

Sasa mwenzako apoteze gesi yake yote pale pale mnapogeuka, mahali pabaya kuliko pote. Unampa regyuleta iliyo mdomoni mwako, yenye mpira mrefu wa mita mbili hivi ili muweze kupita njia nyembamba mmoja mbele mwingine nyuma, na wewe unachukua ile iliyoning'inia chini ya kidevu. Una lita 3,360, na mnatumia lita 120 kwa dakika. Ni dakika 28, na safari ya kutoka ni dakika 24. Mmepona, kwa dakika nne tu, na hizo nne zimetoka kwenye zile bar 20 tulizoziacha wakati wa kugawa.

Lakini nani anapumua kwa utulivu wakati huo? Kila mmoja akipanda hadi lita 30 kwa dakika, gesi ile ile inaisha kabla ya dakika ya 19, na mlango bado uko mbali. Hapo ndipo wengi wanapoielewa vibaya kanuni hii. Wanaichukua kama akiba nono, kumbe ni kiwango cha chini kabisa, na inadhani kwamba mtatoka kwa mwendo ule ule mlioingilia. Ginnie Springs maji yanatoka nje kwa nguvu, kwa hiyo mkondo unakusukuma mlangoni. Kwenye pango linalovuta maji kwenda ndani, kurudi ni kupigana na mkondo, na theluthi haifai. Utatumia robo au hata sudusi, yaani moja ya sita, kwendea. (Wa mirathi na hilo mnalijua.)

Tena, fungu linahesabiwa kwa mwenye gesi kidogo. Kama mitungi yetu ni sawa, na mwenzangu kaja na bar 150, fungu lake ni 50, nami nikishatumia 50 nageuka hata kama geji yangu inaniambia bado. Mitungi ikitofautiana ukubwa, acheni bar, hesabuni lita.

Baharini, ambako mnaweza kupanda moja kwa moja, theluthi si lazima. Swali linakuwa: watu wawili wenye hofu wanahitaji kiasi gani kutoka hapa hadi juu? Tuseme mpo mita 30 kwenye meli iliyozama, mfano MV Dania pale Bamburi, Mombasa. Kwa lita 30 kwa dakika kila mtu, dakika moja ya kutulia chini ni lita 240. Kupanda polepole kwa dakika nne ni lita 600 hivi. Kusimama dakika tatu kwenye mita 5 ni lita 270. Jumla ni lita 1,110, na kwenye mitungi pacha ya lita 12 hiyo ni karibu bar 47. Geji ikifika 50 mnaanza kupanda, hata kama ndiyo kwanza mmeona kasa.

Kwa mtungi mmoja wa lita 12, lita hizo hizo ni bar 93. Halafu kuna wageni kwenye boti ambao agizo pekee wanalolikumbuka ni kwamba wafike juu na bar 50.