Je, wajua kwa nini ufuta na karanga husaidia kushusha lehemu?

Chupa nyingi za mafuta ya alizeti huandikwa kwa herufi kubwa kwamba hayana lehemu, yaani kolesteroli. Ni kweli, lakini hakuna mmea wenye lehemu ya kutajika. Kinachostahili kutangazwa ni kile kilichomo, kama kilivyomo kwenye ufuta na karanga: fitosteroli, ndugu wa lehemu upande wa mimea. Kati ya lehemu na sitosteroli, iliyo nyingi zaidi kati ya fitosteroli, tofauti iko mkiani mwa molekuli tu.

Kufanana huko ndiko kunakotusaidia. Ili lehemu ifike kwenye damu, lazima kwanza ipakiwe ndani ya vitone vidogo sana vya nyongo, viisafirishe hadi kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Nafasi humo ni haba. Mlo ukiwa na fitosteroli za kutosha, zinawahi nafasi hizo, na lehemu iliyoachwa hutoka na choo. Fitosteroli zenyewe hazifiki mbali: zikipenya kwenye seli za utumbo, pampu maalumu huzirudisha nje. Hufyonzwa chini ya asilimia 5, wakati lehemu hufyonzwa karibu nusu.

Wengi hudhani lehemu hiyo yote ni ya mayai na nyama. Sehemu kubwa imetoka kwenye ini lako mwenyewe, ikamiminwa utumboni pamoja na nyongo. Kwa hiyo hata asiyegusa nyama hunufaika. Ini likiona lehemu yake hairudi, huivuta zaidi LDL, ile tunayoiita lehemu mbaya, kutoka kwenye damu.

Gramu 2 kwa siku, zikiliwa pamoja na chakula, hushusha LDL kwa takriban asilimia 8 hadi 10. Tatizo ni kuzipata. Ufuta, ambao ni miongoni mwa vinara kati ya mbegu, una kama miligramu 400 katika kila gramu 100; ungehitaji nusu kilo kila siku! Kwa sababu hiyo, mwaka 1995 kampuni ya Raisio ya Finland ilianza kuuza majarini ya Benecol, yenye stanoli, jamaa wa karibu wa fitosteroli, zilizotokana na misonobari ya viwanda vya karatasi.

Usiache karanga, korosho na maharage kwa sababu ya hesabu hiyo. Vina nyuzinyuzi na mafuta mazuri pia. Ila uliyeandikiwa dawa za lehemu, endelea nazo. Na wapo wachache waliozaliwa na pampu ile mbovu: kwao fitosteroli hujilimbikiza kwenye damu, na daktari huwakataza vyakula hivihivi.