Kwa nini tunaubandika unga wa titani kwenye shanga za kioo

Maji yenye kromi sita, yaani metali ya kromi iliyopungukiwa elektroni sita, ni ya manjano, na yakiwa kwenye chupa safi mtoto anaweza kudhani ni juisi. Ndiyo kromi inayotumika kwenye viwanda vya kupaka metali kwa umeme. Inayeyuka vizuri, inasafiri mbali na maji, na imeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani. Kromi tatu, iliyopungukiwa elektroni tatu tu, ni ndugu yake mpole zaidi: ukipandisha pH (kipimo cha uchachu; ikipanda, uchachu unapungua) hadi karibu 8, inageuka tope la kijani na kutuama.

Kazi yangu, kusafisha maji ya aina hii kwa nuru, yote iko katikati ya hao ndugu wawili. Nuru haiui metali. Rangi ya nguo inaweza kuvunjwavunjwa hadi ibaki kaboni dioksidi na maji, lakini kromi ni elementi, haivunjiki. Tunachoweza ni kuibadilisha hali, kisha kuitoa.

Kinachoibadilisha ni oksidi ya titani, unga mweupe huohuo wa rangi za ukutani. Ukipigwa na miale ya urujuanimno, ile yenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 387 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), elektroni inaruka na kuacha tundu. Kromi sita ikipokea elektroni tatu inakuwa kromi tatu. Tundu nalo lazima lipewe chake, la sivyo litaimeza elektroni kabla haijafika kokote. Mimi hulipatia tundu hilo asidi ya limau, ambayo pia huyafanya maji yawe machachu, na uchachu unaisaidia sana kromi kubadilika. Zinki usiijaribu kwa njia hii: elektroni hii haina nguvu ya kuigeuza.

Sasa shanga. Chembe za unga huu zina upana wa nanomita 20 hivi. Ukizikoroga majini unapata kitu kama maziwa. Ukiyaacha usiku kucha, asubuhi bado ni maziwa, na karatasi ya chujio inayapitisha. Umeshughulikia sumu, ukabaki na unga usiotoka. Kwa hiyo tunazichovya shanga kwenye rojo ya titani, tunazikausha, kisha tanuri, nyuzi 500. Nikiifikicha shanga kati ya vidole ikaacha vumbi jeupe, kundi zima linarudi mwanzo.

Kubandika kuna gharama yake. Eneo linaloguswa na maji linapungua, kazi inakwenda polepole. Kioo cha kawaida pia kina sodiamu, ambayo tanurini hupanda na kuidhoofisha titani. Ndiyo maana ninapendelea mchanga wa kwatzi, au kwanza ninakipaka kioo tabaka la silika. Na baada ya mizunguko kadhaa shanga huanza kuwa na ukijanikijani: ni kromi tatu iliyoganda juu yake na kuizibia nuru. Ninaziosha kwa asidi hafifu.

Wanafunzi wangu huwa wanashangilia mapema. Kitendanishi, yaani kemikali tunayopimia, hugeuka zambarau kikikutana na kromi sita, na rangi hiyo isipotokea tena wanaona maji yako tayari. Kitendanishi hicho hakiioni kromi tatu, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 0.05 kwa lita, kinahesabu kromi yote. Hapo ndipo ninapowapa chokaa, tupandishe pH na kusubiri tope litulie.