Je, wajua kwa nini taragoni ya Kifaransa, mmea ambao majani yake ni kiungo cha jikoni, haioteshwi kwa mbegu?

Ukipanda mbegu za pakiti iliyoandikwa "taragoni" na zikaota vizuri, basi ulichonacho ni taragoni ya Kirusi, si ile inayosifiwa na wapishi.

Zote mbili ni spishi moja, Artemisia dracunculus. Tofauti ni kwamba ya Kifaransa hutoa maua kwa nadra, na hata yakitoka huwa tasa, hayazai mbegu. Kwa hiyo kila mche wake umetokana na kipande cha mche mwingine, kiwe tawi changa au mzizi. Ya Kirusi huzaa mbegu, hustahimili shida na hurefuka kupita mtu kiunoni, ila jikoni haina faida kubwa.

Kabla ya kununua mche, omba jani moja. Lipondeponde kwa vidole, linuse, kisha litafune. Jani la Kifaransa ni jembamba na laini, linanukia utamu wa anisi na kuacha ganzi kidogo kwenye ulimi. Harufu hiyo hutokana hasa na mafuta yaitwayo estragoli. La Kirusi lina ladha ya nyasi na uchungu kwa mbali. Usitegemee kibandiko kilicho kwenye chungu. Ulimi ndio wa kuamini.

Ukishapata mche, upande kwenye tuta lililoinuliwa. Kwa nini tuta? Mizizi ya taragoni hutambaa chini kwa chini ikijisokota, na kinachoiua haraka ni maji yaliyotuama. Mmea huu huvumilia ukame kiasi, lakini kwenye udongo mzito mizizi huoza, hasa msimu wa baridi mashina yanapokauka na mmea kupumzika. Tuta lenye kina cha sentimita 30 hivi, udongo wake ukiwa umechanganywa na mchanga wa chembe kubwa, huruhusu maji kushuka. Weka mboji kidogo tu, kwani rutuba ikizidi utapata majani mengi yaliyolegea yenye harufu hafifu. Acha sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche, mahali penye jua kwa saa sita au zaidi. Mwagilia pale tu udongo wa juu unapokauka.

Kila baada ya miaka miwili au mitatu mmea huchoka. Uchimbue mwanzoni mwa msimu wa kuchipua, ugawe, kisha panda upya vipande vyenye machipukizi.

Kwenye joto na unyevu mwaka mzima taragoni ya Kifaransa hudhoofika, maana inahitaji kipindi cha baridi ili ipumzike. Huko ni heri kupanda Tagetes lucida, taragoni ya Meksiko, yenye harufu inayokaribiana nayo na maua ya manjano.

Vuna ncha za matawi mara kwa mara ili mmea utawanye matawi. Majani yakikaushwa hupoteza sehemu kubwa ya harufu, kwa hiyo yanayobaki yagandishe au yatumbukize kwenye chupa ya siki.