Je, katika Uyahudi mtu hujitakasa peke yake?

Wengi wameamini kwa muda mrefu kwamba, katika Uyahudi, mtu hurejea kwa Mungu kwa jitihada zake pekee, naye Mungu husubiri tu kuhesabu amri zilizotimizwa. Dhana hiyo inaeleweka, kwa kuwa amri 613 za Torati ndizo zinazotajwa zaidi. Hata hivyo, Talmudi, mkusanyiko wa kale wa mafundisho ya marabi, husema kwamba anayekuja kujitakasa husaidiwa, kisha hutoa mfano unaonigusa sana: muuzaji humwacha mnunuzi wa nafta, mafuta yanayonuka, ajipimie mwenyewe, lakini anayetaka zeri, utomvu wenye harufu nzuri, muuzaji humwomba asubiri wapime pamoja, ili wote wawili wanukie. Msaada huifuata nia, wala hauondoi wajibu. Anayetaka kuhakiki afungue sehemu ya Talmudi iitwayo Yoma, kurasa 38b hadi 39a; namba hizo hazibadiliki katika matoleo ya kawaida.