Tamthilia za mauaji ya Wayahudi: tunayodhani na yalivyo kweli

Kuna hii dhana kwamba tamthilia ya mauaji ya Wayahudi, yale yaliyofanywa na Wanazi wa Hitler wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikikosa maiti, moshi na askari wanaofoka basi haijakugusa. Sio kweli kabisa. Mwandishi wa tamthilia Peter Weiss, ambaye baba yake alikuwa na asili ya Kiyahudi, alienda kusikiliza kesi ya watumishi wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, pale Frankfurt, Ujerumani, ile ya 1963 mpaka 1965, alafu akaandika Die Ermittlung yaani Uchunguzi, na ndani yake huoni kambi wala damu, ni watu wako mahakamani wanaongea tu. Mashahidi ni 9 na hawana majina, wana namba tu, maana kambini majina walinyang'anywa, lakini washtakiwa 18 wanaitwa kwa majina yao halisi. Ilifunguliwa usiku mmoja, 19 Oktoba 1965, kwenye kumbi zaidi ya kumi za Ujerumani zote mbili, Mashariki na Magharibi. Ila neno Myahudi halimo humo hata mara moja, wapo waliomlaumu sana kwa hilo na kwa kweli naona walikuwa na haki, huwezi kusimulia Auschwitz ukaacha kuwataja waliouawa kwa sababu ya Uyahudi wao.

Wengine wanasema hizo ni habari za Wazungu, hazituhusu. Dorcy Rugamba, msanii wa Rwanda ambaye wazazi wake waliuawa Kigali Aprili 1994 kwenye mauaji ya kimbari, alichukua maneno hayohayo ya Weiss akayaigiza na Wanyarwanda wenzake, na 2007 wakayapeleka ukumbi wa Young Vic, London. Fikiria Mnyarwanda anasimama kutoa ushahidi wa Auschwitz, nani atasema hayamhusu?

Alafu Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyeandika shajara akiwa amejificha na familia yake Amsterdam. Watu wakitoka kwenye igizo lake wanadhani wameshaijua shajara yote. Igizo la 1955 la New York lilipunguza sana Uyahudi wake na likafunga kwa yale maneno yake kwamba anaamini bado binadamu wana moyo mwema. Ni kweli aliyaandika, Julai 1944, lakini palepale anaandika anaona dunia inageuka jangwa polepole, na wiki tatu baadae wakakamatwa, akafia kambi ya Bergen-Belsen 1945 akiwa na miaka 15. Watazamaji wakaenda nyumbani na faraja ambayo yeye mwenyewe hakuipata, hilo linaniuma sana. Mwaka 1997 igizo lilifanyiwa marekebisho, mengi yaliyoachwa yakarudishwa.

Na msidhani jukwaa siku zote liko upande wa wanaoonewa. Kambi ya Wanazi ya Terezín, kwenye nchi ya Wacheki, watoto wafungwa waliimba Brundibár, opera (igizo la kuimba) ya watoto, mara 55, na 1944 Wanazi wakawaonesha wajumbe wa Msalaba Mwekundu opera hiyo ili ionekane maisha ni mazuri, miezi michache baadae mtunzi Hans Krása na watoto wengi wakapelekwa Auschwitz.

Hata Mabepari wa Venisi ya Shakespeare, tunayoijua kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969, iliigizwa Vienna 1943 chini ya Wanazi, mwigizaji Werner Krauss akamcheza Shylock, yule Myahudi mkopesha fedha, kama kiumbe wa kuchukiza. Na huyo huyo Shylock ndiye anayeuliza kama Myahudi akichomwa hatoki damu, kwahiyo ni mwongozaji na mwigizaji ndio wanaoamua ukumbi ulisikie hilo swali au ulizomee.