Je, wajua kwa nini jina la mtu asiyechora liko kwenye jalada la katuni?

Chukua kitabu chochote cha katuni kilichotoka Ufaransa au Ubelgiji, tazama jalada lake. Mara nyingi utakuta majina mawili, la aliyechora na la aliyeandika. Leo hakuna anayeshangaa. Lakini katikati ya miaka ya 1950 mambo hayakuwa hivyo. Aliyetunga kisa, akapanga nani aseme nini na msomaji acheke wapi, alihesabiwa kama hayupo. Ilitokea hata mchapishaji amlipe mchoraji peke yake, kisha mchoraji ndiye amkatie mwandishi fungu lake.

Waliobadilisha hali hiyo walikuwa kadhaa, ila jina linalotajwa kwanza ni la René Goscinny. Waliosoma kwa Kifaransa Lubumbashi au Bujumbura huenda wanamjua kupitia Asterix, yule Mgallia (mwenyeji wa Ufaransa ya kale) mfupi mwenye masharubu anayewatwanga askari wa Kirumi, au kupitia Lucky Luke, mchunga ng'ombe anayefyatua bastola haraka kuliko kivuli chake. Wengi wamewasoma mashujaa hao bila kujiuliza ni nani aliyewatia maneno mdomoni.

Goscinny alizaliwa Paris tarehe 14 Agosti 1926, mtoto wa wahamiaji Wayahudi: baba mhandisi wa kemia kutoka Warsaw, mama kutoka kijiji cha Ukraine. Upande wa mama walikuwa watu wa wino na karatasi, kwa kuwa babu yake alikuwa na kiwanda cha uchapaji Paris. Alipokuwa na miaka miwili, familia ilihamia Buenos Aires, Argentina, na huko ndiko alikokulia, akisoma katika shule ya Kifaransa. Umbali huo uliwaokoa. Wajomba zake watatu waliobaki Ufaransa walikamatwa wakati wa utawala wa Wajerumani, wakafia kwenye kambi.

Mwishoni mwa 1943 baba yake alifariki ghafla. René alikuwa na miaka 17, ndio kwanza amemaliza shule, na ikabidi atafute riziki. Alifanya kazi ya mhasibu msaidizi katika kiwanda kilichofufua matairi ya zamani, kisha akawa mchoraji mdogo kwenye kampuni ya matangazo. Mwaka 1945 alihamia New York na mama yake. Baadaye alikuwa akitania kwamba alikwenda Marekani kufanya kazi na Walt Disney, tatizo ni kwamba Walt Disney hakuwa na habari.

Ukweli ni kwamba New York ilimtesa. Alikaa muda mrefu bila kazi. Kisha mwaka 1948 akaingia kwenye studio ndogo aliyomkuta Harvey Kurtzman na wenzake, vijana ambao miaka michache baadaye wangeanzisha jarida la vichekesho la MAD. Akaandika pia vitabu vya watoto kwa mchapishaji mmoja wa hapo. La maana zaidi ni kwamba alikutana na wachoraji wawili wa Kibelgiji waliokuwa wakizurura Marekani, Jijé na Morris. Morris ndiye aliyekuwa na Lucky Luke.

Hadi wakati huo Goscinny alikuwa anataka kuchora. Aliporudi Ulaya mwaka 1951 alikuwa bado akichora visa vya mpelelezi wake, Dick Dicks. Ukivitazama leo utaona mkono wa mtu anayejitahidi tu. Mwaka huohuo, katika ofisi ya wakala wa katuni iliyoitwa World Press, alikutana na Albert Uderzo, kijana aliyekuwa anachora kana kwamba penseli inajua njia yenyewe. Nadhani kukaa meza moja na mtu wa namna hiyo kunamfundisha mtu ukweli wake haraka. Goscinny akaweka penseli chini, akabaki na mashine ya taipu.

Mwaka 1955 Morris alimpa Lucky Luke aiandike. Kisa cha kwanza kilihusu reli inayokatiza nyika za Marekani. Kilipotoka kama kitabu, jina la Goscinny halikuwepo kwenye jalada.

Mwanzoni mwa 1956 wachoraji na waandishi wa katuni walikutana kuandika waraka wa kudai haki zao. Walitaka kutambuliwa kuwa watunzi, wapate ulinzi kama wafanyakazi wengine, na wasiachie kazi zao mikononi mwa wachapishaji moja kwa moja. Goscinny, Uderzo na mwandishi Jean-Michel Charlier walikuwa mstari wa mbele. Bosi wa World Press alipopata habari, alimfukuza Goscinny. Uderzo na Charlier hawakufukuzwa, ila walifungasha wakatoka naye. Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo hili: Uderzo, mchoraji ambaye kila mtu alimhitaji, aliacha mshahara kwa ajili ya mwandishi ambaye soko lilimwona si kitu.

Watatu hao wakafungua kampuni yao pamoja na mtu wa matangazo, Jean Hébrard. Milango mingi ya wachapishaji ilikuwa imefungwa, kwa hiyo walikula kwa kazi za matangazo na vijarida vya makampuni. Hatimaye wakapata njia: waanzishe jarida lao la watoto, likiungwa mkono na Radio Luxembourg. Jarida hilo, Pilote, lilitoka tarehe 29 Oktoba 1959, na toleo la kwanza likauza nakala 300,000.

Asterix alizaliwa kwa ajili ya toleo hilo, tena kwa dharura. Goscinny na Uderzo walikuwa wameanza kuchora hadithi ya zama za kati ya mbweha mjanja Renart, wakagundua kwamba mchoraji mwingine ameshaifanya. Muda ulikuwa umebaki kidogo. Wakakaa katika fleti ya Uderzo huko Bobigny, nje kidogo ya Paris, wakapitia historia ya Ufaransa tangu mwanzo, hadi wakafika kwa Wagallia waliotawaliwa na Julius Caesar. Wenyewe walisema mengine yote yalikuja kwa muda mfupi sana. Uderzo alikuwa amemwazia shujaa wa miraba minne. Goscinny akakataa, akataka mtu mfupi, asiye na sura ya kutisha, anayeshinda kwa akili. Uderzo akakubali, lakini akamwekea rafiki mnene pembeni, na huyo ndiye Obelix.

Sasa, mwandishi asiyechora anafanya nini hasa? Watu hudhani anatunga mazungumzo tu, mchoraji akishamaliza kazi. Ni kinyume chake. Goscinny alianza na muhtasari wa kisa chote, kisha akakigawa kurasa kwa kurasa, maana kitabu cha Asterix ni kurasa 44 na hakuna wa kuongeza. Baada ya hapo aliandika kila kisanduku peke yake: nani amesimama wapi, uso wake ukoje, nyuma yake kuna nini, anasema nini. Mchoraji alipokea karatasi zilizotaipiwa, na kichekesho kilikuwa kimeshapimwa. Ukurasa uishie kwenye kisanduku kinachokufanya ufunue ukurasa unaofuata, huo ndio ulikuwa ufundi wake.

Kwenye vitabu vya watoto alifanya kazi tofauti kabisa. Tangu Machi 1959, katika gazeti la Jumapili la Sud-Ouest Dimanche, alianza kuandika visa vya Nicolas, mtoto wa shule ya msingi, Jean-Jacques Sempé akichora. Kati ya 1960 na 1964 vilitoka vitabu vitano. Nicolas anasimulia mwenyewe, kwa pumzi moja kama watoto wanavyosimulia: halafu, halafu, halafu, na mwalimu akalia, na tulicheka sana. Hajui kwamba anawachongea wakubwa. Baba anapogombana na jirani, Nicolas anaripoti tu alichokiona, msomaji mkubwa anaelewa zaidi yake. Ndiyo maana vitabu hivyo vinasomwa na mzazi na mtoto kwa pamoja, kila mmoja akicheka mahali pake. La kushangaza ni kwamba Goscinny hakuwahi kusoma katika shule ya msingi ya Ufaransa anayoieleza. Kumbukumbu nyingi za mitaa na mpira zilitoka kwa Sempé.

Aliandika pia, pamoja na mchoraji Jean Tabary, visa vya Iznogoud, waziri wa Baghdad ambaye tangu 1962 hajaacha kutafuta njia ya kumpindua khalifa na kukalia kiti chake. Aliyekua na hadithi za Abunuwasi atajiona yuko nyumbani.

Jarida la Pilote, licha ya mwanzo mzuri, lilikosa fedha upesi, na mwaka 1960 mchapishaji Georges Dargaud alilinunua kwa faranga moja. Mwaka 1963 Goscinny na Charlier wakawa wahariri wakuu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo Goscinny alipofanya makubwa kuliko hata Asterix, ingawa hilo halikumletea umaarufu wowote mtaani. Alifungulia mlango watu ambao wengine waliwaona vichaa. Cabu alichora humo mwanafunzi wake mvivu. Charlier na Jean Giraud walianza Blueberry, katuni ya Marekani ya wachunga ng'ombe, mwaka 1963, Christin na Mézières wakaleta Valérian, katuni ya safari za anga za mbali, mwaka 1967, na Fred akaleta ndoto zake ambazo hazikufanana na kitu chochote. Goscinny mwenyewe alimwandikia mchoraji Claire Bretécher mojawapo ya kazi zake za mwanzo, mwaka 1963, katika jarida jingine.

Kisa cha mchoraji Gotlib ndicho ninachokipenda zaidi. Kuanzia 1965 Goscinny alimwandikia mfululizo wa vichekesho kwenye Pilote, ukapendwa sana. Baada ya miaka michache akamwambia Gotlib kwamba sasa anaweza kuandika mwenyewe, hamhitaji tena. Gotlib akaanza mfululizo wake mwaka 1968, akawa mmoja wa wachekeshaji wakubwa wa katuni nchini humo. Wahariri wanaomwachia mtu wao hivyo ni wachache.

Mwaka huohuo wa 1968, Ufaransa ikiwaka migomo ya Mei, baadhi ya wachoraji wa Pilote walimwita Goscinny kwenye mgahawa mmoja mjini Paris. Alikwenda bila kujua kinachomngoja. Akakalishwa kama mshtakiwa na kuambiwa kwamba yeye ni mtu wa matajiri. Mtu aliyefukuzwa kazi miaka kumi na miwili nyuma kwa kudai haki za wachoraji akawa sasa ndiye bosi anayesomewa mashtaka. Wachoraji walikuwa na hoja zao, na Pilote ilibadilika baadaye: vikaanzishwa vikao vya kila wiki vya wahariri na kurasa za mambo ya wakati huo. Ila waliomjua wanasema kidonda hakikupona. Mwaka 1972 Gotlib, Bretécher na mchoraji mwenzao Mandryka waliondoka kuanzisha jarida lao, baada ya Goscinny kukataa kuchapisha kazi moja ya Mandryka. Mwaka 1974 naye akaacha kuongoza Pilote.

Wakati huo Asterix alikuwa ameshakuwa mali ya taifa. Kitabu cha kwanza, mwaka 1961, kilichapwa nakala 6,000. Mwaka 1965 setilaiti ya kwanza ya Ufaransa ilirushwa kutoka Hammaguir, Algeria, ikaitwa Astérix. Hadi sasa vitabu vyake vimeuzwa zaidi ya milioni 380 duniani kote.

Goscinny alifariki tarehe 5 Novemba 1977, akiwa na miaka 51, kwa daktari wa moyo aliyekuwa akimpima akiwa juu ya baiskeli ya mazoezi. Mkononi mwa Uderzo kulikuwa na kitabu cha Asterix ambacho hakijaisha kuchorwa. Uderzo alitaka kuacha, Dargaud akaenda mahakamani, na kitabu kikatoka mwaka 1979. Kuanzia hapo Uderzo aliandika na kuchora peke yake, lakini kwenye majalada aliendelea kutanguliza jina la mwenzake. Binti ya Goscinny, Anne, alikuta nyumbani visa vya Nicolas ambavyo havijawahi kuingia kitabuni, akavichapisha mwaka 2004. Na tangu 1988 Ufaransa ina Tuzo ya Goscinny, inayotolewa kwa waandishi wa katuni.